Gapi wa kibiongo sio aina mpya, acha kumpandisha wiki hiyohiyo

Jamani wafugaji wa gapi (guppy, vile visamaki vidogo vya mapambo), naandika hii nikiwa na uchungu maana ni mara ya tatu mwaka huu nakuta kitu kilekile. Kwenye tenki la mtu katokea samaki mmoja wa ajabu, mgongo umekunjika, mwili mfupi umejaa kama puto, anampiga picha anarusha kwenye grupu, watu wanajibu "duh hiyo aina mpya hiyo, ina hela", basi jioni hiyohiyo anamtoa anamweka na dada zake watano kwenye tenki lao peke yao. Miezi minne mbele simu yangu inaita, afisa njoo uone, vifaranga kibao wamepinda, majike wanakufia kwenye kuzaa, duka alilouzia limerudisha mzigo wote.

Kulisha na kubadilisha maji mnajua, sirudii. Nazungumzia hili moja tu, kumzalisha samaki mwenye kasoro kabla hujajua kasoro imetoka wapi.

Mgongo kupinda sio lazima iwe damu, yaani kurithi. Kuna chakula, vitamini C ikikosekana mifupa ya kifaranga inakuwa laini inapinda, na hiyo vitamini inaharibika haraka sana kwa joto na unyevu, sasa wewe chakula umepimiwa kwenye kimfuko, kimfuko kimekaa juu ya tenki jirani na taa miezi mitano, unategemea nini? Nunua kidogo cha kuisha ndani ya mwezi, kopo lenye kifuniko, mbali na taa. Kuna ugonjwa pia, kile kifua kikuu cha samaki, hapo utaona samaki mkubwa aliyekuwa amenyooka anaanza kukonda, tumbo linaingia ndani, mgongo unapinda akiwa mtu mzima, leo mmoja wiki ijayo mwingine. Huyo usimguse na mkono wenye kidonda, bakteria wake mmoja anaitwa Mycobacterium marinum anaingia kwa binadamu kupitia mchubuko, unaota vinundu mkononi unakunywa dawa miezi. Kumzalisha huyo ukiamini umepata aina mpya ni kusambaza ugonjwa nyumba hadi nyumba.

Na ndio, kuna ya damu kweli. Gapi wana ukoo wa kibiongo ambao wanasayansi wameshaufuatilia, kifaranga anazaliwa amenyooka kabisa, anaanza kupinda akiwa anakua. Hapa ndipo mnapokosea vipimo. Mtu anaangalia vifaranga siku ya tano, anasema wako poa, anauza. Siku ya tano unaweza usione kitu! Angalia siku ya 14, siku ya 30, halafu rudia siku ya 60. Usiangalie kwa kupita tu mbele ya tenki, mtoe mweke kwenye beseni jeupe umwone kutoka juu kama mwili unakwenda kushoto kulia, kisha mtie kwenye glasi ya chai yenye maji ya tenki lake, inua usawa wa jicho dirisha likiwa nyuma yake. Mwanga unapita mwilini unaona mstari wa uti wa mgongo kama uzi mweusi. Uzi ukizama nyuma ya kichwa kabla ya pezi la mgongoni, hata kama ni kidogo, huyo hafai kuwa mzazi.

Kutofautisha sio kazi ngumu. Waliopinda wametoka kwa mama tofauti, tenki moja, kipindi kimoja, shuku chakula na maji. Wametoka kwa mama mmoja tu na wa tenki hilohilo wengine wazima, shuku damu. Badilisha chakula, mtenge mama huyo lita 20 peke yake, nyuzi 26, nyavu yake mwenyewe, maji theluthi moja mara mbili kwa wiki, subiri azae tena na wale vifaranga uwafuate mpaka siku ya 60, wakipinda tena shuku damu zaidi. Yule aliyepinda usimsubiri anyooke.

Sasa kosa ndani ya kosa. Mtu anasema afisa mimi nimemtupa aliyepinda, nimebaki na ndugu zake wazima, nimemaliza. Hujamaliza. Kasoro nyingi za damu zinajificha, baba amenyooka mama amenyooka lakini kila mmoja amebeba nusu, wakikutana kwenye kila vifaranga wanne mmoja hivi anatoka mbovu, na wale watatu wazima, wawili wameibeba bila kuonyesha. Kuwabakiza hao na kuwapandisha wenyewe kwa wenyewe ni kufyeka magugu ukaacha mizizi. Baba, mama na uzao wote hao wanatoka kwenye kuzalisha, wote, hata yule mwenye mkia mzuri unaomuonea huruma.

Najua mtaniuliza mbona goldfishi wana macho ya kutokeza na mikia miwili na watu wanawanunua. Wale wamechaguliwa China kwa mamia ya miaka, kila kizazi wanachujwa wanabaki wachache, na bado samaki analipia, macho yanaumia kirahisi, wenye mwili wa duara kibofu cha hewa kinawasumbua wanaelea juu chini. Wale samaki kasuku wekundu (blood parrot) waliotengenezwa Taiwan mdomo haufungi vizuri, chakula wanasaga kwa meno ya kooni. Ujerumani sheria yao ya wanyama inakataza kumzalisha mnyama kwa namna itakayomletea maumivu. Rangi mpya chukua, hilo sina shida nalo, ila chochote kinachogusa mfupa, mdomo au kuogelea acha. Hata mapezi kuweni makini, kuna gapi mapezi yanarefuka mpaka kile kiungo cha dume kinakuwa kirefu hakiwezi kupandisha, dume unaye halafu hakusaidii kitu.

Na rangi nayo ukitaka kuijaribu, jike awe bikira. Hapa nitakuwa mkali kwa sababu nimesema mpaka nimechoka. Jike wa gapi akipandishwa mara moja anatunza mbegu tumboni anazaa miezi kadhaa bila kuona dume tena, kwahiyo unamweka na dume wako mpya wa rangi, unazaliwa uzao wa kaka yake wa zamani, unaandika kwenye daftari uongo. Watenge siku ya 21. Sio "mwezi hivi", siku ya 21, na kwa joto la Dar au Mombasa anza kukagua siku ya 18 kwa sababu wanakua haraka. Dume pezi lile la chini karibu na mkundu linaanza kuchongoka kama kijiti, jike linabaki pembetatu kama feni na nyuma ya tumbo kuna doa jeusi. Ukiwa na wasiwasi na mmoja, mweke upande wa madume.

Ukoo mpya tafuta kwa mfugaji ambaye hajanunua kwako wala wewe kwake, wiki 4 tenki la peke yake kabla ya kuchanganya, na usikae na ukoo mmoja, kuwa na mitatu, madume wa wa kwanza waende kwa majike wa wa pili na kuendelea hivyo. Ikienda sawa utaona migongo imenyooka na majike wanazaa bila kufa.

Wa kuondolewa msiwamwage mtaroni, gapi anaishi mtaroni vizuri tu na kasoro yake. Wala msimwache akatapatapa sakafuni. Mafuta ya karafuu, matone 10 kwa lita moja, yatikise kwanza kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa ndio umimine, akiacha kupumua msubiri dakika 10 nyingine.

Leo kabla ya kulisha jioni bandika karatasi kila tenki uandike tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa tarehe 1 wanatengwa tarehe 22, hata kama kuna msiba au harusi mtume mtoto awatenge.