Somo: Kuchagua bolti za shokapu ili tairi pana lisisugue

Gari nyingi ndogo tunazoziendesha, kama Corolla, IST, Probox na Subaru Forester, zina shokapu ya mbele iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake. Mtu akitoa tairi la 185 na kuweka la 205, upana unaongezeka kwa takriban milimita 20, yaani milimita 10 upande wa nje na 10 upande wa ndani, na mara nyingi zile za ndani ndizo zinazofika kwenye shokapu. Hapo ndipo anapoambiwa dukani kwamba ipo bolti nyembamba inayoruhusu gurudumu kuinamishwa kidogo ili msuguano uondoke. Ni kweli ipo, nami naifunga mara kwa mara. Lakini ndiyo inayoshikilia gurudumu, breki na usukani wako kwa pamoja, kwa hiyo naomba somo hili lisomwe lote kabla ya spana kushikwa.

Hatua ya kwanza: pima. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, penyeza biti ya drili ya milimita 6 kati ya tairi na shokapu, kisha kata usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, ukipima tena kila upande. Mimi sikubali nafasi iliyo chini ya hiyo milimita 6, kwa sababu tairi hupinda kwenye kona, na matope yakigandamana hapo yanasugua kama msasa. Andika pia ni wapi hasa panapogusa. Kama ni kwenye shokapu, kichwa cha gurudumu, yaani sehemu yake ya juu, kinatakiwa kwenda nje. Kama ni kwenye madigadi, kinatakiwa kwenda ndani. Kumbuka kwamba unachokipata upande mmoja unakipoteza upande wa pili. Digrii moja ya kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani au nje, husogeza kichwa cha gurudumu kwa takriban milimita 5, basi. Anayehitaji milimita 12 asitafute bolti, atafute rimu yenye ofseti inayofaa (umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya rimu na pale inapofungwa kwenye habu, unaoandikwa ET): kutoka ET45 kwenda ET38, kwa mfano, gurudumu zima linatoka nje kwa milimita 7 bila kugusa bolti yoyote ya shokapu.

Hatua ya pili: ifahamu bolti iliyopo. Ifungue moja, isafishe, kisha ipime kwa venia: unene wa shina, hatua ya uzi (umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata), urefu wa sehemu isiyo na uzi. Soma namba iliyo kichwani, ambayo ndiyo daraja la bolti. Alama 10.9 ina maana kwamba chuma hicho hukatika kwenye takriban megapaskali 1,000 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa eneo la chuma) na huanza kunyooka moja kwa moja kwenye asilimia 90 ya hapo, yaani 900. Alama 8.8 ni 800 na 640. Kama kiwanda kimeweka 10.9, hakuna sababu yoyote ya kurudisha 8.8, hata kama muuzaji anakuapia.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo: kuchagua bolti mbadala. Wengi wanadhani kwamba bolti hii inafanya kazi kama msumari, kwamba inazuia chuma kisisogee kwa kusimama katikati ya tundu. Sivyo. Inazuia kwa kubana, na nguvu ya kubana ndiyo inayozalisha msuguano unaoshikilia shokapu na chuma cha habu visiteleze. Sasa linganisha: bolti ya M14, yaani ya unene wa milimita 14, yenye uzi wa hatua ya milimita 1.5 ina eneo la chuma linalobeba mzigo la takriban milimita mraba 125, wakati M12 ya uzi huo huo ina 88. Ukiweka M12 ya daraja lile lile mahali pa M14 umepoteza karibu theluthi moja ya uwezo wa kubana. Hiyo ndiyo bei ya nafasi unayoipata, na ndiyo maana bolti yoyote nyembamba haifai. Inafaa ile tu iliyotengenezwa kwa ajili ya tundu hilo.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kiwanda: Toyota hutengeneza bolti ambazo shina lake limepunguzwa unene, zikitambulika kwa nukta moja, mbili au tatu kichwani, na katika Corolla kila nukta hubadilisha kemba kwa takriban robo ya digrii. Ya pili ni bolti yenye tumbo, ambayo shina lake lina uvimbe wa upande mmoja, na huja na washa yenye ulimi. Ukiizungusha, tumbo linasukuma chuma cha habu kuelekea ndani au nje. Forester nyingi zimetoka kiwandani zikiwa nayo kwenye tundu la juu, kwa hiyo mwenye gari hilo aangalie kwanza kama nafasi anayoitafuta haiko tayari mikononi mwake.

Niliwahi kuletewa gari lililokuwa linavuta kushoto kila baada ya kupita kwenye shimo, ingawa alaimenti ilikuwa imefanywa mara tatu. Tundu la juu la shokapu lilikuwa na bolti ya kawaida ya M12, yenye uzi kuanzia kichwani hadi mwisho. Nilipoitoa, kingo za uzi zilikuwa zimelala upande mmoja, zimeng'aa kama kisu kilichonolewa, na ndani ya tundu mlikuwa na unga mwekundu wa kutu. Unga huo ni ushahidi kwamba vyuma vilikuwa vinasuguana kila siku. Hivyo basi, sehemu inayopita kwenye makutano ya vyuma lazima iwe shina laini, si uzi.

Hatua ya nne: funga. Weka gari kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Fungia chuma cha habu waya ili kisiangukie bomba la breki wala waya wa ABS. Badilisha bolti moja kwanza, ile ya pili ikiwa bado mahali pake. Nati iwe mpya, na nyuzi ziwe safi na kavu, kwa sababu grisi hupunguza msuguano na kuifanya bolti ivutike kupita kiasi kwa kipimo kile kile cha toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Tumia kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa bolti mpya. Kipimo cha M14 kikitumika kwenye M12, bolti inanyooka ukiwa unaitazama.

Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye shokapu, peleka gari alaimenti siku hiyo hiyo kwa kuwa kemba ikibadilika uelekeo wa tairi nao hubadilika, kisha kagua mstari huo baada ya kilomita 100 hivi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Nimeona dukani bolti ya 12.9. Si ndiyo ngumu kuliko zote?

Marahaba. Ni ngumu, lakini ugumu huo una hasara yake. Chuma cha 12.9 kikipakwa zinki bila uangalifu, haidrojeni huingia ndani yake, na bolti inaweza kukatika ghafla siku kadhaa baada ya kufungwa bila dalili yoyote. Baki na daraja la kiwanda.

Mimi niko Tanga, chumvi inakula kila kitu. Nikiweka bolti za chuma cha pua je?

Hapana, ndugu yangu. Bolti ya kawaida ya chuma cha pua, yenye alama A2-70, huanza kunyooka kwenye megapaskali 450, nusu ya 10.9. Weka bolti sahihi, kisha ipake nta ya kuzuia kutu kwa nje baada ya kuifunga.

Fundi wangu anataka kulitanua tundu la shokapu kwa gesi ili bolti ya zamani ibaki. Ni salama?

Mkatalie, dada. Moto unaharibu ugumu wa chuma cha shokapu, na tundu lililotanuliwa halina kitu cha kuishikilia bolti siku ikilegea.

Je, spesa, ile sahani inayowekwa kati ya habu na rimu, si rahisi zaidi?

Inaweza kuwa rahisi, mradi stadi za gurudumu, yaani zile bolti za habu zinazoshika rimu, ziwe ndefu za kutosha. Nati ikamate uzi usiopungua unene wa stadi yenyewe: kwa stadi ya M12 yenye uzi wa 1.5, ni mizunguko 8 kamili. Hesabu kwa mkono, nati ikiwa haina mzigo, na ukipata 6 ondoa spesa hiyo.