Mega Drive ya Ulaya: Kutoka Mkeka wa Mitumba Hadi TV ya Chogo

Naishi Rotterdam, na kila tarehe 27 Aprili naamka saa kumi na moja alfajiri kama mtu anayewahi boti. Ni sikukuu ya mfalme, Koningsdag (ikiangukia Jumapili inasogezwa hadi 26), siku ambayo Waholanzi hutandaza mikeka barabarani na kuuza vitu vya stoo bila kuulizwa kibali. Watoto wanauza midoli yao. Wazazi wanatoa walivyochezea wenyewe miaka ya 90. Kati ya mashine sita za gemu za Mega Drive nilizonazo, nne nilizipata kwenye mikeka hiyo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukusanya gemu za zamani akiwa Ulaya, na azicheze, si kuzipanga kabatini. Nimeufunga kwenye mashine moja, Sega Mega Drive, iliyoingia Ulaya mwaka 1990. Sababu ni mbili. Kaseti zake ziliuzwa ndani ya visanduku vigumu vya plastiki, kwa hiyo hadi leo unazipata na kisanduku na kitabu chake, wakati maboksi ya karatasi ya Super Nintendo mengi yaliishia jalalani siku ileile yalipofunguliwa. Pili, inatoa picha ya RGB bila kuguswa ndani. Hilo tutalifikia.

Kwanza elewa hesabu ya 50

TV za Ulaya zilifuata mfumo wa PAL: mistari 625, picha ikipigwa upya mara 50 kwa sekunde. Japani na Marekani walifuata NTSC: mistari 525, mara 60. Gemu za wakati ule zilihesabu muda kwa picha. Kila picha ikipita, Sonic, yule mkimbiaji wa gemu za Sega, anasogea hatua fulani. Zilipoletwa Ulaya bila marekebisho, Sonic akapewa picha 50 badala ya 60, mbio zikapungua kwa karibu asilimia 17 na muziki ukapooza kama redio inayoishiwa betri. Tena gemu ilichorwa kwa mistari 224 tu, kwa hiyo nafasi ya ziada ya PAL ikabaki nyeusi juu na chini, na picha ikaonekana imebonyea kama mto uliokaliwa.

Sonic wa kwanza, wa 1991, ndivyo alivyo. Kwenye Sonic 2, mwaka 1992, muziki ulirekebishwa ukarudi kwenye kasi yake, lakini mbio zikabaki za 50.

Kwa ajili hiyo wakusanyaji wengi wa hapa huidharau PAL na kuagiza kila kitu Japani, na nauli na ushuru juu. Mimi naona ni kuruka mkojo na kukanyaga mavi. Nunua ya Ulaya iliyo mlangoni kwako, kisha iwekee swichi ya kugeuza 50 kuwa 60. Waliokulia Kenya au Tanzania hawatashangaa sana, maana TV za nyumbani nazo zilikuwa za PAL. Mjomba akileta mashine kutoka London iliwaka palepale, hata plagi yake ya pini tatu ilikuwa hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kununua

Tafuta toleo la kwanza, lile pana lenye tundu la hedifoni na kidude cha kuongeza sauti kwa mbele. Toleo la pili ni dogo na halina tundu hilo. Yote mawili yanacheza, ila mimi huanza na la kwanza kwa kuwa ni rahisi kulifungua na kulilehemu.

Ukiwa mbele ya mkeka, pindua mashine uitikise taratibu. Kinachogonga ndani ni plastiki iliyovunjika au skrubu iliyolegea. Chungulia mdomo wa kaseti: pini ziwe zimenyooka, zisiwe na kutu ya kijani. Nusa. Ndiyo, nusa. Mashine iliyokaa chini ya nyumba kwenye unyevu ina harufu ya ukungu ambayo haitoki, na chini ya harufu hiyo mara nyingi kuna kutu.

Kisha uliza gemu. Utaonyeshwa FIFA, gemu ya mpira. Utaonyeshwa FIFA nyingine. Ulaya ina FIFA za Mega Drive kuliko mchanga wa Coco Beach, na utazitambua kwa mbali: kaseti za Electronic Arts, kampuni iliyozitoa, ni ndefu na zina kipande cha njano ubavuni. Usizikatae. Omba upewe moja bure juu ya bei, tutaitumia.

Hatua ya 2: Adapta, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo nilipoua mashine yangu ya kwanza. Muuzaji alinipa kikapu cha nyaya, nikachukua adapta ya volti 9 ambayo plagi yake iliingia vizuri kabisa. Ilikuwa adapta ya NES ya Ulaya, mashine ya Nintendo. Adapta hiyo inatoa mkondo geu (AC), kwa sababu NES ina vifaa vyake vya ndani vya kuunyoosha. Mega Drive inataka mkondo mnyoofu (DC). Sikusikia mlio wala sikuona moshi. Taa haikuwaka, basi.

Kwa hiyo soma maandishi ya adapta kwa tochi ya simu:

Mega Drive 1 inataka volti 9 za mkondo mnyoofu, ampea 1.2, hasi ikiwa katikati ya plagi.
Mega Drive 2 inataka volti 10, ampea 0.85, chanya katikati, na plagi yake ni nyembamba zaidi.

Umeona hila yake? Mashine mbili za jina moja, na katikati ya plagi zimepishana. Usikubali maneno ya "inaingia, basi ni yake". Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Adapta za zamani zikiwa hazina mzigo huonyesha volti zaidi ya zilizoandikwa, 12 au 13 hivi, usishtuke. Unachotafuta ni kwamba mkondo ni mnyoofu na kwamba chanya na hasi ziko mahali pake.

Hatua ya 3: Usafi

Sisi sote tulipuliza kaseti. Acha. Mate yana unyevu, na unyevu unakula shaba. Chukua vijiti vya pamba vya masikioni na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua meno ya kaseti pande zote mbili mpaka kijiti kitoke cheupe, acha dakika tano zikauke. Mdomo wa mashine ndio wenye kazi. Funga kitambaa chembamba kwenye kadi ngumu, kilowanishe kidogo, ingiza na utoe mara kumi.

Hapa ndipo FIFA ya bure inapofaa. Isafishe vizuri, kisha ichomeke na kuichomoa mara nyingi. Inakwangua uchafu mdomoni, na ikiharibika hakuna msiba.

Kufungua kaseti kunahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, yenye kichwa cha kike, maana skrubu zake hazikubali bisibisi ya nyota. Mtandaoni inauzwa bei ya chai na andazi.

Hatua ya 4: Waya wa SCART

Hii ndiyo zawadi ya Ulaya, na ndiyo inayofanya Wamarekani watuonee wivu. SCART ni tundu la pini 21 lililobuniwa Ufaransa. Tangu 1980 TV mpya zilizouzwa huko zililazimika kuwa nalo, na bara zima likafuata. Ndani ya pini hizo nyekundu, kijani na buluu husafiri kila moja kwenye waya wake, ndiyo maana ya RGB. Kwa waya wa njano wa kawaida, rangi zote zinasukwa pamoja na TV inabahatisha kuzisukua.

Mega Drive 1 ina tundu la duara la pini 8 nyuma, na RGB imo tayari. Nunua waya wa SCART uliotengenezwa kwa ajili ya toleo lako. Wa toleo la pili una pini 9 ndogo na hauingiliani na wa kwanza. Kuwa makini na nyaya za bei ya kutupa. Wengine huacha kuweka kapasita kwenye njia za rangi, na wengine wanakuuzia kichwa cha SCART ambacho ndani kimeungwa waya wa njano tu. Kifungue uangalie. Kama pini za 7, 11 na 15 ziko tupu, hiyo si RGB.

Toleo la kwanza linatoa sauti ya upande mmoja tu kwenye tundu la nyuma. Sauti ya pande mbili inatoka kwenye tundu la hedifoni, kwa hiyo waya mzuri una mkia mdogo wa kuchomeka mbele.

Siku ya kwanza ya RGB utashangaa, halafu utahuzunika kidogo. Maporomoko ya maji kwenye Green Hill, hatua ya kwanza kabisa ya Sonic, kwa waya wa njano yalionekana kama kioo. Kwa RGB utaona kuwa ni mistari myembamba iliyosimama, na mchoraji aliutegemea waya mbovu uichanganye. Wapo wanaorudi kwenye waya wa njano kwa ajili ya hayo maji tu. Siwalaumu.

Hatua ya 5: TV

TV ya chogo bado inapatikana kwenye maduka ya mitumba, na mara nyingine kando ya barabara ikiwa na karatasi "chukua". Yenye inchi 14 hadi 21 inatosha, na mgongo wako utashukuru. Iwe na SCART nyuma. Ukikutana na kioo cha Philips CM8833, kile kilichokuwa kikiuzwa na kompyuta za Amiga, usiulize mara mbili.

Mtego wa Ulaya ni TV za chogo za mwisho mwisho zilizoandikwa "100 Hz" kwa fahari mbele. Zinahifadhi picha kwanza ndipo ziionyeshe mara mbili, na kucheleweshwa huko utakuhisi kwenye kidole: umebonyeza, Sonic anaruka baadaye. Ziache.

Usifungue TV ya chogo. Ndani kuna maelfu ya volti zinazobaki hata baada ya kuchomoa. Kama nyumba haina nafasi, kigeuzi kama OSSC kinapokea SCART na kutoa HDMI kwa TV ya flati karibu bila kuchelewa. Flati yenyewe ikipewa picha ya zamani moja kwa moja mara nyingi huisoma vibaya.

Hatua ya 6: Swichi ya 50 na 60

Hii inahitaji mkono uliotulia. Kama hujawahi kulehemu, jizoeze kwanza kwenye redio mbovu.

Fungua Mega Drive 1, ondoa bati la kukinga, utaona ubao. Tafuta alama JP1, JP2, JP3 na JP4. Jozi ya kwanza huamua lugha, ya pili huamua 50 au 60. Katika kila jozi kiungo kimoja kimefungwa na kingine kiko wazi. Kwenye mbao nyingine hakuna kipande cha waya, ni njia ya shaba ubaoni, kwa hiyo thibitisha kwa mita.

Kata kiungo kilichofungwa kati ya JP3 na JP4. Pini ya kati ya swichi iende kwenye ncha ya pamoja ya jozi hiyo. Pini moja ya pembeni iende kwenye volti 5, hiyo ni 60. Nyingine iende ardhini, hiyo ni 50. Kabla ya kuwasha, pima kwamba volti 5 na ardhi hazigusani popote. Pima tena.

TV nyingi za SCART za miaka ya 90 zinapokea 60 kupitia RGB bila neno, kwa kuwa rangi hazihitaji kufumbuliwa. Kwa waya wa njano unaweza kupata picha isiyo na rangi, usidhani umeharibu.

Gemu za miaka ya mwisho hukagua mashine zinapowaka, na zikikuta siyo ya Ulaya zinagoma. Washa ukiwa 50, subiri nembo ipite, kisha geuza swichi. Unaweza kugeuza katikati ya mchezo pia. Weka Sonic 1, mwache akimbie, geuza: picha inajaza kioo na muziki unaamka.

Hatua ya 7: Kaseti za kutafuta

Anza na zilizotoka Ulaya kama kaseti lakini Marekani hazikutoka hivyo. Mega Man: The Wily Wars iliuzwa hapa, ilhali Marekani enzi hizo iliipata kwa njia ya kebo ya TV tu. Kwa sababu hiyo imeigizwa mno. Fungua kila kaseti ya bei kubwa: ubao halisi una vichipu vya miguu, wa bandia mara nyingi una tone jeusi la gundi. Umbo la nje halithibitishi kitu, kampuni kadhaa zilitengeneza maganda yao.

Kaseti zinazohifadhi mchezo zina betri, kwa kawaida CR2032, na sasa nyingi zimekata roho. Nunua yenye masikio ya bati yaliyokwisha unganishwa, ulehemu masikio, kamwe usiguse betri yenyewe kwa moto. Ulichohifadhi kitapotea, pamoja na cha mtoto aliyeiuza. Huwa natazama jina lake kabla ya kukata.

Na tafuta Micro Machines 2 ya Codemasters, Waingereza, ya 1994. Kaseti yenyewe ina matundu mawili ya padi juu yake. Ukijumlisha na mawili ya mashine, watu wanne wanashindana magari, na kwa gemu hiyo kwangu swichi hubaki kwenye 50. Waliitengeneza hukuhuku.