Namna ya kuokea katika vyombo vya kioo bila ya kuvipasua

Anayenunua trei ya kioo kwa mara ya kwanza huambiwa dukani kwamba haiogopi moto, naye huondoka akiamini hivyo. Kwa hakika kioo cha kuokea kinastahamili joto kubwa. Kisichostahamili ni kuwa na moto upande mmoja na baridi upande wa pili kwa wakati mmoja. Sehemu iliyopata moto hutanuka, sehemu iliyobaki baridi haitanuki, na mvutano baina yake ukizidi nguvu ya kioo, chombo hupasuka. Tena kupozwa ghafla ni kubaya kuliko kupashwa moto ghafla, kwa sababu uso unaopozwa hutaka kusinyaa ilhali ndani bado kumetanuka, hivyo uso huvutwa. Na kioo, ambacho ni imara sana kinapobanwa, ni dhaifu kinapovutwa. Hatua zote zilizomo humu zinatokana na jambo hilo moja. Nimeziandika baada ya kumuelekeza wifi yangu, aliyekuja kuniuliza iwapo aendelee na kioo au arudi kwenye trei za bati.

Hatua ya 1: Jua aina ya kioo ulichonacho

Vyombo vya kioo vya kuokea viko vya aina mbili. Ya kwanza ni ya borosiliketi, yaani kioo chenye oksidi ya boroni ndani yake. Ya pili ni ya soda na chokaa, kioo kile kile cha madirishani na chupani, lakini kilichoimarishwa kiwandani kwa kupashwa moto unaozidi nyuzi 600 za sentigredi kisha kupulizwa hewa ya baridi, ili uso wake ubaki umebanwa daima. Joto likipanda kwa kiasi kile kile, kioo cha soda na chokaa hutanuka karibu mara tatu ya borosiliketi, kwa hiyo huumia upesi zaidi joto linapobadilika, ingawa kule kuimarishwa kunakisaidia kinapogongwa.

Jina lililoandikwa kwenye kitako halitoshi kukujulisha. Pyrex ilianza kuuzwa na Corning Glass Works ya Marekani mwaka 1915 ikiwa ya borosiliketi, lakini leo inayotengenezwa Marekani ni ya soda na chokaa iliyoimarishwa, na inayotengenezwa Ufaransa ni ya borosiliketi. Hapa kwetu, ambako vyombo vilivyotumika hushushwa kutoka makontena ya Ulaya na vipya huletwa kutoka Dubai, ni rahisi kukuta katika kabati moja trei mbili zinazofanana ambazo hazina tabia moja.

Ninapotaka kuhakikisha hutumia mafuta ya kupikia. Mimina mafuta ya alizeti au ya mahindi katika bakuli jeupe, kisha chovya pembe ya trei, ikiwa kavu na haina moto. Borosiliketi hupinda mwanga karibu sawasawa na mafuta hayo, kwa hiyo ukingo uliozama hufifia mpaka ukakaribia kutoonekana. Kioo cha soda na chokaa huendelea kuonekana wazi. Mafuta ya nazi hayafai kwa jaribio hili, kwa kuwa hupinda mwanga kidogo kuliko hayo. Ukibaki na shaka, kichukulie chombo chako kuwa cha soda na chokaa. Na bakuli la kachumbari au la matunda ambalo halina alama ya kuruhusiwa kuingia katika oveni lisiingie, hata liwe nene kiasi gani. Unene wenyewe ni hasara, kwa kuwa kioo kinene huchelewa kupata joto sawasawa ndani na nje.

Hatua ya 2: Kikague

Kishike kuelekea dirishani, pitisha kidole kwenye ukingo na mishikio. Chenye pengo, ufa au mkwaruzo unaoshika ukucha kisiokewe tena, wala usikigawe kwa jirani.

Hatua ya 3: Chagua kinachostahiki kioo

Hapa wengi hawatakubaliana nami. Kioo ni kizuri kwa makaroni ya nyama ya kusaga, pai, pudini ya mkate, kuku na samaki wa kuoka. Mkate wa mayai na keki mimi siviokei humo, kwa sababu kioo hupata joto polepole, kisha hulishikilia, na matokeo yake kingo hukauka kabla ya katikati kuiva. Ukilazimika, punguza joto la oveni kwa takriban nyuzi 15 kuliko ungetumia trei ya bati, na ukubali kusubiri zaidi.

Basbusa ina matatizo yake ya peke yake. Desturi ni kumwagia shira ya baridi juu ya basbusa iliyotoka motoni, na katika bati hilo ni jambo jema. Katika kioo, shira huteremka pembeni na kugusa ukuta wa chombo ulio na moto mkali, na huko ndiko kupozwa ghafla nilikokutaja. Tumia trei ya bati. Kama huna ila kioo, iache basbusa itulie mpaka mvuke ukome, kisha mimina shira ya vuguvugu kidogo kidogo, ukianzia katikati.

Hatua ya 4: Usitoe frijini ukaingiza ovenini

Wanaotayarisha futari tangu asubuhi huweka trei frijini, kwa nyuzi 4 hivi, au katika friza, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikiingizwa moja kwa moja katika oveni ya nyuzi 180, tofauti inakaribia nyuzi 200 na kioo cha soda na chokaa kinaweza kisivuke. Chakula kilichoganda kiyeyushwe kwanza frijini usiku kucha.

Kuhusu muda wa kusubiri nje ya friji, unyevu wa hewa yetu umetupa kipimo kizuri kuliko saa. Trei ikitoka frijini hutoka jasho kwa nje. Ukilifuta nalo likarudi, kioo bado ni baridi. Lifute tena baada ya muda, na likiacha kurudi, hata chini ya kitako, basi kioo kimekaribia joto la jiko lako na kinaweza kuingia. Hakikisha kitako ni kikavu kabisa.

Hatua ya 5: Washa oveni kwanza, ingiza baadaye

Oveni inapoanza kuwaka, koili au moto wa gesi hufanya kazi kwa nguvu zake zote, na joto huupiga upande mmoja wa chombo kabla ya hewa yote kupata moto. Subiri ifikie joto unalotaka, ndipo uweke trei katika tabaka la kati. Oveni ndogo za mezani zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa koili zake zimekaribiana sana na chakula.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo mpishi wa Unguja na wa Pemba halimshangazi, geuza swichi ya oveni izimike na uuache mlango umefungwa. Ukirudi upesi, trei ikiwa bado ina moto, unaweza kuendelea. Ukichelewa mpaka oveni ikapoa, toa trei, washa oveni tupu, kisha irudishe.

Usitumie grili kupaka rangi juu ya makaroni. Paka yai na upandishe trei tabaka moja juu katika dakika za mwisho. Usiweke kioo juu ya jiko la gesi ili kukausha mchuzi uliozidi. Ama moto wa juu na chini, wa makaa juu ya bati, ni kwa sufuria tu. Kaa moja likikaa karibu na ukingo wa kioo linatosha kukipasua.

Hatua ya 6: Kinapokuwa ovenini

Kuku na samaki hutoa maji yao wakati kitako cha trei kimeshapata moto. Weka mchuzi au maji kidogo yanayofunika kitako kabla ya kuingiza. Kwa kuku wa kupaka, tui zito unaloongeza njiani lisitoke frijini. Lipashe katika kisufuria mpaka liwe na moto, kisha pakaza kwa kijiko juu ya kuku, si pembeni mwa trei.

Hatua ya 7: Kukitoa na kukiweka

Vyombo vingi nilivyosikia kwamba vimepasuka vilipasuka baada ya kutoka ovenini, na hapa ndipo trei ya wifi yangu ilipokwisha. Aliiweka juu ya meza ya marumaru iliyofutwa punde kwa kitambaa cha maji, ikakaa kimya kwa muda, kisha ikapasuka kwa kishindo alipokuwa ameshageuka kuchukua sahani. Kuyatoa makaroni yote, kuiosha meza na kukagua kila chombo kilichokuwa karibu kulimaliza jioni yake.

Marumaru na saruji hunyonya joto kwa haraka, na zikiwa na maji hunyonya zaidi, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke hukipoza kitako huku kuta bado zina moto wa oveni. Sinki la chuma ni baya zaidi. Mawe ya baridi ya nyumba za zamani, yale yanayopendeza kukalia mchana, nayo yamo humu. Kwa hiyo kabla hujafungua mlango wa oveni, tayarisha pahala: ubao wa kukatia ulio mkavu, na juu yake taulo kavu iliyokunjwa mara nne. Wapo wanaopenda waya wa kupozea keki, na waya ukiwa mkavu hauna ubaya; mimi napendelea taulo kwa sababu haiteleziki na kitako kinapumzika chote kwa pamoja. Kijamvi cha ukili nakitumia mezani tu, baada ya trei kutulia kwanza jikoni.

Kitambaa cha kushikia nacho kiwe kikavu. Mwenye kukunja kanga yenye unyevu huumia mara mbili: maji hupitisha joto mpaka mkononi, naye akishtuka huidondosha trei. Glavu nene za oveni ndizo ninazozipendekeza, na siridhii badala yake.

Pahala penyewe pawe mbali na feni na mbali na dirisha linaloingiza upepo, hasa nyakati za kaskazi na kusi. Feni ya dari inayozunguka juu ya trei iliyotoka nyuzi 200 hupoza uso na kuiacha ndani na moto wake. Kadhalika usikaribishe glasi ya juisi ya barafu, usiinyunyizie trei ndimu kutoka frijini, wala usiifunike kwa kifuniko kilichooshwa na kingali na maji, kwa kuwa matone yanayoanguka ukutani hupoza sehemu ndogo mno, na sehemu ndogo iliyozungukwa na moto ndiyo inayovutwa sana. Iache mpaka uweze kuigusa pembeni bila ya kuondoa mkono. Mwenye haraka ya kupakua apakue chakula katika sahani, trei ibaki pale ilipo.

Hatua ya 8: Kuosha na kuweka

Trei iliyopoa ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, si kwa maji ya mfereji ikiwa bado na moto. Chakula kilichogandamana kiloweke usiku mzima. Waya wa kusugulia masufuria, jivu, mchanga na makumbi yenye mchanga ni adui, kwa kuwa kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa, na kioo kilichoimarishwa kinaweza kupasuka siku nyengine kabisa, kikiwa kabatini, kwa sababu ya kovu la zamani. Ukizipanga trei moja juu ya nyengine, weka kitambaa baina yake.

Hatua ya 9: Kikipasuka

Kikipasuka ndani ya oveni, zima moto, acha mlango umefungwa na usubiri oveni ipoe kabisa, kwani vipande vyenye moto huendelea kupasuka. Chakula chote kilichokuwemo kitupwe, na kilichokuwa wazi karibu nacho pia. Usijaribu kuokoa upande unaoonekana salama, wala usiwape kuku wa uani. Vaa viatu na uwatoe watoto jikoni. Okota vipande vikubwa ukiwa na glavu, chenga zipanguse kwa karatasi iliyoloweshwa ambayo utaitupa hapo hapo, si kwa kitambaa kitakachofuliwa. Vifunge vyote katika boksi gumu, uandike kwa juu kwamba ndani mna kioo, ili anayebeba taka asikatwe. Kisha ng'oa bati la chini la oveni, ufute chini yake, na mara ya kwanza utakapowasha tena iwashe tupu, uipoze, uikague kwa tochi kabla ya kuingiza chakula.