King'ora cha zamani: anza na umeme

Umepata king'ora cha mota na unataka kukifunga kwenye gari lako la kale? Usikimbilie drili. Dainamo ya Lucas C40, iliyokuwa kwenye magari mengi ya Uingereza miaka ya 1960, inatoa ampea 22 tu. King'ora cha Q2B cha Federal, kile cha magari ya zimamoto ya Marekani, kinavuta kama 100! Maana yake kinaishi kwa betri: bonyeza sekunde chache, achia, kitaendelea kulia chenyewe kikipunguza mwendo.

Waya nene utoke betri moja kwa moja hadi kwenye rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) kubwa kama ya stata, swichi ya dashibodi iamshe rilei tu. Mimi niliwahi kupitisha umeme wote kwenye swichi. Plastiki ililainika kama jojo.

Taa ya kuzunguka haina makuu, ila magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo bodi yake imeungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Ukiweka balbu za LED bila kuangalia, huenda zisiwake.

Na kama uko Uingereza, taa ya bluu hairuhusiwi barabarani kwa gari la kawaida, hata ikiwa mbovu.