Flopi ya kubutia, usiikopi tu

Wadau wenye kompyuta kuukuu isiyobuti kwa flashi wala sidii na mnataka kuiwekea mfumo endeshi wa OpenBSD, ile faili ya flopi ya kubutia yenye .img (zamani .fs) usiikopi na kuipesti kwenye flopi kama picha za harusi, haitabuti ng'o. Inatakiwa iandikwe baiti kwa baiti toka sekta ya kwanza, ukiwa kwenye Linux ingia kama ruti upige amri ya dd if=floppyXX.img of=/dev/fd0 (XX ni namba ya toleo), kwenye DOS tumia programu ya rawrite.

Ila kwanza kagua flopi yenyewe. Sisi wa Kirumba na Igombe huku Mwanza unyevu wa ziwa tunaujua, flopi iliyolala stoo miaka inaota ukungu, vuta kile kibati cha pembeni uizungushe diski taratibu, ukiona madoa meupe achana nayo maana itachafua hedi ya draivu, yaani kichwa cha kusomea, na hata flopi nzima zitaanza kugoma. Iliyo safi ifomati upya, sekta 2880 zote zipite, mimi ikigoma hata moja natupa.

Ukishaandika linganisha faili na flopi kwa kupiga cmp floppyXX.img /dev/fd0, ikikaa kimya basi iko poa, fungua kile kitundu cha kuzuia kuandika halafu ubuti.