Kutotoa Nothobranchius guentheri: kutoka yai hadi kifaranga

Huyu ni samaki mdogo wa Unguja, urefu wa sm 5 hivi, anayeishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki hai topeni. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Pfeffer, alipomwelezea mwaka 1893 alimweka kwenye jenasi Fundulus. Leo yumo familia ya Nothobranchiidae, oda ya Cyprinodontiformes. Jike wake hufanana mno na wa N. palmqvisti wa pwani ya bara, kwa hiyo usichanganye spishi hizi tangi moja: mbegu ikishaingiliana haitenganishiki tena.

1. Tangi. Lita 20, nyuzi 23–25 za Selsiasi, chujio la sponji lenye hewa kidogo. Dume 1 kwa majike 2 au 3. Jike akiwa peke yake husumbuliwa hadi achoke.

2. Kopo la mayai. Chemsha vumbi la makumbi ya nazi mpaka lizame, likipoa tandaza sm 3 ndani ya kopo, uliweke tangini samaki watage humo. Toboa mfuniko tundu la kupita samaki. Bila mfuniko watalitawanya tangi zima.

3. Kukausha. Baada ya wiki moja mimina vumbi kwenye wavu, kamua, lianike kwenye gazeti saa chache. Ukilifumbata lishikane bila kutoa tone. Likiwa majimaji mayai huota ukungu. Likikauka kabisa husinyaa. Funga kwenye mfuko wa plastiki, andika spishi, asili na tarehe, weka kwenye nyuzi 24–25.

4. Kusubiri. Kwa kawaida ni miezi 3 hivi, ila usitegemee kalenda. Mayai yaliyotagwa siku moja hukua kwa kasi tofauti, mengine husimama kabisa kwa muda. Hiyo ndiyo kinga yao: mvua ikinyesha kidogo na kukatika, hawatoki wote wakafa. Kuanzia wiki ya 10 tazama mayai machache kwa lenzi. Yai changa ni angavu. Lililoiva ni jeusi, na jicho limezungukwa na pete ya dhahabu.

5. Kumwagia. Maji ya nyuzi 18–20, kina sm 4. Vifaranga huanza kutoka baada ya saa chache. Walishe lava wa artemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) siku hiyohiyo. Wanaotambaa chini hawakujaza kibofu cha hewa, mara nyingi kwa sababu mayai yalimwagiwa kabla ya wakati au yalipitiliza. Hao waondoe. Vumbi likamue tena, lirudishe mfukoni, ulimwagie baada ya wiki 3 au 4: kwa kawaida hutoka wengine.