Alipasuliwa ini, sasa pumzi inakatika: vile ya kufanya

Bandugu ba Bukavu, kama mu nyumba yenu kuko mutu alipasuliwa ini, soma hii pole pole, juu matumbo inaweza kupanda mu kifua yake, hata kama kidonda ilikauka zamani na fufu anaikula vizuri.

Ini inakaa upande wa kuume, chini ya diafragma, ile nyama yenye inatenganisha kifua na tumbo. Uvimbe ya ini ikishikamana na diafragma, munganga analazimika kukata kipande, ao ile kisu ya umeme inaichoma kidogo, na mahali paliungua panaweza kuchoka mupaka panatoboka. Tena kipande kubwa ya ini ya kuume ikitoka, nafasi inabakia wazi, na kila pumzi kifua inavuta vitu kuenda juu, basi matumbo inapitia mu kile kitundu, inapanda mu kifua. Haifikie bantu wengi. Lakini inaweza kuja kisha miezi, hata miaka, ndio maana hakuna mwenye anakumbuka tena operasyo.

Mbele ya kutoka hopitali, omba protokole ya operasyo, ile karatasi munganga anaandika vile alipasua. Uliza: mulikata upande gani, na diafragma muliigusa ao muliishona? Piga karatasi foto na utumie hata mutoto mwengine wa familia, juu sisi ba Kadutu tunajua vile mvua inabebaka nyumba na karatasi zote.

Kisha hapo chunga pumzi yenye inakatika, zaidi akilala ao akishakula, maumivu ya kifua ao ya bega ya kuume, tumbo yenye inauma inaacha inarudia. Akianza kutapika, tumbo inavimba, haendi choo na hata hewa haitoke, usingoje asubuhi, mupeleke hopitali usiku ule ule, juu matumbo ikikabwa mu kile kitundu damu haipite tena na inaoza. Asikule, asikunywe, mukalishe wima. Na tafazali lavema (kutia maji mu matako) hapana, kukanda tumbo hapana, dawa ya kuharisha hapana! Najua mama zetu banafanya ile kwa mapendo.

Mama mudogo wangu alitunzwa pinomoni, ugonjwa ya mapafu, wiki tatu mu santé moja ya kwetu, sindano juu ya sindano, kumbe ni matumbo ilikuwa mu kifua. Alikuwa amepasuliwa karibu miaka mbili mbele na hakuna mwenye aliuliza, na sisi hatukusema, ile inaniumaka mupaka leo.

Kwa hiyo ukifika, neno ya kwanza kwa munganga, hata mbele ya kusema homa, ikuwe «alipasuliwa ini ya kuume, matumbo inaweza kuwa ilipanda». Radio ya kifua, ile picha ya ndani, inaweza kuonyesha hewa ya matumbo kule juu, lakini saa zingine inafanana na maji yenye inazunguka pafu, na mutu akitia sindano ya kutoa maji anaweza kutoboa matumbo. Uliza kwa heshima kama skaneri, ile mashine kubwa ya picha, inaweza kufanywa kwanza, hiyo ndiyo inaonyesha wazi. Bei ni nguvu, najua, familia inachangana.

Dawa ya kumeza haizibe kitundu. Ni operasyo: wanarudisha matumbo chini, wanashona, kitundu ikiwa kubwa wanaweka wavu. Hata mwenye hasikie maumivu, mara nyingi wanamushauri apasuliwe mbele matumbo haijakabwa, na mama mudogo alirudi nyumbani akitembea, kupanda ngazi za Kadutu ndio ilimuchukua miezi.